Nilidhani namsifu mama

Wasee, leo nimemuumiza mama yangu nikidhani namsifu.

Siku ilikuwa tamu. Mimi na mama tulinunua vitenge kule Malaba, tukapitia kwa shangazi anayeishi Bukhayo. Busaa, ile pombe ya kienyeji, ikamiminwa.

Mama na shangazi wakapika kuku, kila mtu na sufuria yake. Nikaambiwa nionje, nitambue ya mama.

"Hii!" nikasema. "Hiyo ingine haina hata chumvi. Shangazi, ulikuwa umelala?"

Watu wote wakacheka, isipokuwa mama.

Hiyo ingine ndiyo ilikuwa yake.

"Tangu niugue sisikii chumvi," akasema polepole. "Nilidhani nimeweka."

Hakuwa ametuambia hilo.

Nilikula kuku wake mpaka nikamaliza. Hakuniangalia.

Sasa tumerudi nyumbani, yuko jikoni, na mimi niko hapa mlangoni.

Ungekuwa wewe, ungeanza kumwambia nini?