Amina ya Babu Kwenye Wimbo wa Shangazi

Enzi zetu wimbo haukurukwa kwa kidole. Ukitaka kuusikia tena ulimwomba mwimbaji, na mwimbaji akiwa shangazi yangu Eliamani, kwanza ulimaliza kuchambua kahawa. Watoto wa leo wanasikiliza nusu wimbo, wanaguna, wanahamia mwingine. Haya bwana, dunia yenu!

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nyumbani kwetu, mteremkoni mwa Meru, kulinuka maganda ya kahawa na moshi wa kuni mbichi. Asubuhi tulikimbia shule miguu mitupu kwenye ukungu, meno yanagongana. Jioni tuliteleza bondeni juu ya magome ya migomba mpaka magauni yakatoboka, ndipo turudi kula loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, huku mama akifoka, "Gauni hilo utalivaa hivyo hivyo kanisani!" Shangazi, aliyerudi kwa baba yake baada ya kufiwa na mume, ndiye aliyetuimbia, akidundia debe tupu la mafuta ya taa. Sauti ile, jamani! Ukiisikia unasahau hata kijiko mkononi.

Ndipo akaja Mzungu mmoja na gari lenye mashine ya kunasa sauti. Aliposikia sifa za shangazi, akamwomba aimbe. Shangazi, kwa uchokozi wake, akachagua wimbo wa kumcheka mume mvivu anayeacha kahawa ikiiva mtini akaenda kunywa mbege, pombe ya ndizi. Mzungu akainua mkono kuomba kimya. Sasa sisi Walutheri wa mlimani, mkono ukiinuliwa na watu wakanyamaza, hiyo ni sala. Babu yetu, mzee wa kanisa, akavua kofia, akainama, akafumba macho, na ukoo mzima ukafumba naye. Wimbo wa mlevi tukausikiliza hivyo, kwa unyenyekevu. Ulipokwisha, babu akaitikia kwa sauti nzito, "Amina!" Nilijiuma mdomo nisicheke.

Shangazi alimwuliza Mzungu jambo, lakini mvua ikamwagika, mashine ikafunikwa mbiombio. Mkalimani wake akasema tu kwamba santuri italetwa mjini, gari likaondoka.

Tangu hapo, kila akishuka sokoni, shangazi alipitia duka la Mhindi mwenye gramafoni, karibu na mto Themi. "Bado mama, haijafika," Mhindi alimjibu kwa upole. Miaka ikaenda. Majirani wakamwita Mama Santuri, naye akacheka pamoja nao, lakini nyumbani alinyamaza. Hakutaka sifa wala fedha. Alitaka kujua tu kama sauti yake ilinaswa. Alikufa hajajua, na jambo hilo limeniuma maisha yangu yote.

Juzi mjukuu wangu Neema alikuja kutoka Elerai. "Shikamoo bibi. Hebu sikia hii." Ilikuwa albamu ya nyimbo za zamani zilizokuwa zimelala kwenye hifadhi huko Ulaya, sasa zimetolewa upya. Akaniwekea simu sikioni. Debe likadunda. Nikashika ukingo wa kiti, lakini sikuthubutu kuamini, maana madebe ni mengi na wanawake waimbaji ni wengi. Wimbo ukaisha. Halafu, kwa mbali, sauti nzito: "Amina!"

Ee Mungu wangu! Nani mwingine duniani angeuitikia wimbo wa mlevi Amina? Nikacheka na kulia kwa pamoja.

"Bibi, hapa wameandika mwimbaji hajulikani."

"Hajulikani na nani? Waambie anaitwa Eliamani, na mimi ni mtoto wa kaka yake!"

Siku hizi watoto wanarekodi hata uji ukichemka, kesho wanafuta. Sisi tulinaswa mara moja tu, nayo sauti yetu ikapelekwa mbali tusikokujua. Lakini tazama, imerudi nzima. Babu yuko kaburini, shangazi yuko kaburini, nami nimewasikia kwenye kiti changu mchana kweupe.

Nikamwambia Neema arudie, asiguse kitu mpaka mwisho kabisa. Baada ya Amina, matone ya kwanza yakagonga bati. Kisha nikamsikia shangazi akiuliza, kwa haraka, kabla mashine haijazimwa: "Imeingia?"

Neema akanitazama nikiisogelea simu.

"Imeingia, shangazi," nikamjibu. "Imeingia."