Kisanduku cha Tarakimu Mbili

Ofisini tulimwita Kati-Ya. Ukimuuliza kama mchana mvua itanyesha, anakuna kidevu, kisha anakwambia: "Kati ya ishirini na hamsini kwa mia." Ukimbana achague moja, anakasirika kabisa. "Ushahidi nilionao haunifikishi kwenye namba moja. Nikikupa moja nitakuwa nakudanganya." Jamani, alinichosha! Ripoti zake nilikuwa nachapa mimi, najua ninachosema.

Kazi yake ilikuwa kupima vilima, visije vikaporomokea nyumba za watu. Alikuwa na vigingi, kamba na daftari. Chini ya kilima cha machimbo aliishi mdogo wake, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, mwingi wa utani. Akija kumsalimia kaka yake ananiuliza mlangoni, "Shoga, Kati-Ya wenu yupo, au ni kati ya yupo na hayupo?" Tunacheka mpaka mkuu wa ofisi anagonga meza.

Sasa, fomu ya kila Alhamisi ilikuwa na kisanduku kimoja cha hatari kwa kila kilima, tarakimu mbili, basi. Ikifika arobaini watu wanahamishwa. Chini ya hapo wanabaki. Kati-Ya alikuwa akiandika namba zake mbili pembeni kwa kalamu, halafu anavutana na mkuu mpaka kieleweke. Mara nyingi alishinda, watu wakahamishwa, kwa ubishi tu.

Alhamisi ile hakuwepo. Alipiga simu kutoka kilimani, mvua ikiwa siku ya tatu, sauti imemkauka kwa homa. "Andika kwamba machimbo ni hatari kuliko vilima vyote, hilo nina uhakika nalo. Hatari kiasi gani, ni kati ya kumi na sitini. Vigingi vingine vimesombwa, sioni zaidi ya hapo." Simu ikakatika. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, funguo za gari mkononi. Fomu ilishasainiwa ikiwa tupu tangu Jumatatu, ndivyo tulivyozoea. Kumi na sitini ni sabini, gawa kwa mbili. Nikachapa 35. Hayo ya "kuliko vilima vyote" hayakuwa na kisanduku. Nikaenda zangu nyumbani.

Ijumaa asubuhi Kati-Ya alikuja anatetemeka kwa homa, akaiona nakala mezani kwangu. "Thelathini na tano? Nilisema hivyo?"

"Leo umenyooka, bwana!" mkuu akamcheka.

Nikasema, "Uliitaja mwenyewe kwenye simu." Mungu anisamehe. Niliogopa kugombezwa mbele ya mkuu, ni hilo tu.

Mchana mdogo wake akaingia na watoto na mfuko wa nguo, tayari kuhamia kwa kaka yake. Siku hiyo hakutania. "Kaka, niambie tu. Kwako ni salama kuliko kwangu?"

"Ni salama kuliko kwako. Hilo sina shaka."

"Sana?"

Ningeweza kusema kitu pale. Kati-Ya aliitazama fomu, akapangusa jasho, na mtu yule ambaye miaka yote hakukubali namba moja akaisoma: "Thelathini na tano kwa mia."

"Ah, kumbe hata nusu haijafika! Nina nguo za watu za kumalizia Jumatatu, nikahangaike na cherehani kwenye matope haya?" Akamgusa kaka yake paji la uso, akamsisitiza anywe dawa. Kisha akachukua mfuko wake na wanawe, wakaondoka.

Kilima kilishuka Jumapili alfajiri. Wote watatu walipatikana Jumanne.

Msibani kila mtu alimwambia asijilaumu, nani angejua. Alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Mimi nilikaa jikoni na wanawake nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kazi aliacha. Lakini kila wiki anakuja, anakaa kwenye kiti cha wageni mbele yangu, anafungua daftari lenye kurasa zilizovimba kwa maji. Kumi ipo, ananionyesha. Sitini ipo. "Ila hii thelathini na tano niliipata wapi, dada? Siioni popote. Hebu nikumbushe, nilisemaje?"

Kila mara najiapiza kwamba leo namwambia. Jana aliniuliza tena.

"Uliitaja kwenye simu," nikamjibu.

Akanishukuru, akarudi ukurasa wa kwanza kuitafuta upya.