Dereva wa Nyuma ya Baiskeli

Kila Ijumaa, jua likiwa bado halijavuka kingo za Wadi Hanifa nje ya Riyadh, Protus Wekhomba aliendesha gari kubwa la bosi wake kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha barabarani. Mbele yake alikuwa bosi mwenyewe, Mhandisi Mansur, juu ya baiskeli nyembamba, mgongo ameupinda na viwiko amevibana. Kazi ya Protus ilikuwa kumkinga kwa nyuma. Taa za tahadhari ziwake, malori yamkute yeye kwanza, na injini isikike kwa mbali tu. Ukimsogelea mno mwendesha baiskeli, anaacha kuitazama barabara, anaanza kukusikiliza wewe. Ukimwacha mno, gari jingine linajipenyeza katikati.

Hayo hakufundishwa Riyadh. Alikuja nayo kutoka Bungoma, ambako alibeba abiria kwenye keria ya baiskeli miaka mingi, mpaka pikipiki zikamnyang'anya kazi. Mgongo wa mtu anayepanda mlima aliujua. Aliweza kusema kutoka nyuma ni lini miguu imechoka na ni lini mwenyewe amekata tamaa tu.

Ujuzi huo ndio uliomponza mwaka 2016.

Bosi alikuwa amenunua kitabu cha njia za baiskeli katika milima ya Ufaransa, sehemu iitwayo Auvergne. Walipofika ofisini kwake Al-Murabba asubuhi, badala ya kushuka garini alikifungua kitabu juu ya mapaja.

"Tazama, Brotus." Herufi ya kwanza ya jina hilo ilikuwa imemshinda, na Protus alikuwa amezoea. "Hapa kijiji. Hapa kanisa, na bomba la maji liko mbele ya kanisa. Kutoka hapa ni kupanda tu, mpaka juu kabisa."

Protus aliangalia picha. Nyasi zilipanda mpaka kileleni, ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu walisimama mteremkoni, na ukungu ulikalia mapaa ya nyumba za mawe. Ilikuwa kama kutazama mlima Elgon ukiwa juu ya Kapsokwony, mvua inapokaribia.

"Baada ya Idi tunaenda," bosi akasema. "Turudi mwezi wa tisa. Mimi mbele, wewe nyuma. Mafi mushkila, hakuna shida."

Mushkila ilikuwepo, tena ilikuwa na jina na umri. Laban, mwanawe wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na minne na alitakiwa kupashwa tohara Agosti hiyo. Kwa Wabukusu jambo hilo hufanywa Agosti ya mwaka mmoja, unarukwa mwaka, ndipo wengine wanaingia. Asiyekatwa mwaka huo angoje hadi 2018, huku wenzake wakimwita mtoto. Na alfajiri ya siku yenyewe, kijana anapotoka mtoni amepakwa tope, baba anatakiwa awe amesimama uani kwake. Protus mwenyewe alisimamiwa na ami yake, kwa sababu baba yake alikuwa Mombasa kazini. Ami alisimama vizuri, hakuna aliyemlaumu. Lakini mpaka leo Protus akiikumbuka asubuhi ile, anajikuta anatafuta uso mwingine kati ya zile nyuso.

Likizo alikuwa ameiomba tangu mwaka uliotangulia, na bosi alitikisa kichwa kukubali. Sasa ilionekana kile kichwa kilikuwa kimesahau.

"Mwambie!" Eddah alimhimiza. Eddah alikuwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ya bosi, mama wa Kitale, mwenye sauti ambayo hata jiko la gesi halikuweza kuizima. "Ama usimwambie, uende Ufaransa. Kuna watu wangeuza figo waende huko. Wewe unabebwa bure halafu umenuna kama umetafuna ndimu."

"Sijanuna."

"Umeosha hilo gari mara mbili leo, Baba Laban. Rangi itatoka."

Kweli hakutulia. Simu ya mkewe Beldina ikiita, alitoka nje kuipokea, akazunguka gari, akarudi ndani bila kujua amefuata nini. Swali la Beldina lilikuwa lilelile: mtoto aambiwe aanze kualika watu, au angoje? Protus alijibu, "Nipe wiki." Aliogopa kumkatalia mtu anayemshikia pasipoti. Ndipo akabuni njia ya mkato: ataendesha vibaya. Bosi akiona dereva huyu hafai milimani, atatafuta mwingine, na Agosti itakuwa huru bila mtu kukataliwa.

Nafasi ilipatikana wakati wa mapumziko ya shule, familia ilipokwenda Jeddah kwa mama yake madam, mke wa bosi, katika mtaa wa Al-Rawdah. Wenyewe walipanda ndege pamoja na Eddah. Protus alizileta baiskeli kwa barabara. Siku ya pili bosi akatangaza kwamba yeye na rafiki yake Abu Fahd watajipima kwenye barabara ya Al-Hada, ile inayopanda kwa kona baada ya kona kuelekea Taif. Akimaliza ile, alisema, Auvergne itamfungulia mlango.

Waliondoka kwa magari mawili. Kabla ya Makka barabara iligawanyika. Bosi na Abu Fahd wakanyoosha mbele. Protus, ambaye ikama yake, kitambulisho cha ukaazi, ilimtaja kuwa Mkristo, akashika barabara ya pembeni iliyoandikwa ya wasio Waislamu, peke yake na baiskeli mbili mgongoni mwa gari, akazunguka milima mikavu huku akipiga vidole kwenye usukani. Aliwakuta chini ya mlima wakimngoja, tayari wamevaa kofia zao ngumu.

"Umechelewa!" Abu Fahd akamtania. "Ulipitia Kenya?"

"Ningekuwa nimepitia Kenya, baba, msingeniona."

Wakacheka. Kupanda kukaanza, na Protus akaanza kuharibu kazi. Alimsogelea bosi hadi kivuli cha gari kikalala juu ya gurudumu la nyuma. Bosi akageuka mara moja, akageuka tena. Alipunga mkono: rudi nyuma. Protus akajifanya hakuona. Jasho lilimtoka kana kwamba yeye ndiye anayekanyaga pedali. Miguu yake ilijua nafasi ilipaswa kuwa ipi, na kuilazimisha ikosee kulikuwa kama kula kwa mkono wa kushoto.

Walipofika kona ambapo nyani wa Al-Hada hukaa juu ya ukuta wa barabara wakingoja vyakula vya wasafiri, bosi alikuwa na ndizi mbili katika mfuko wa nyuma wa fulana yake. Nyani dume mwenye manyoya ya kijivu mabegani aliziona. Aliruka chini, wengine wakamfuata. Bosi akayumba kuelekea katikati ya barabara, na kutoka juu lori la saruji lilikuwa linakata kona.

Protus hakufikiri. Aliliingiza gari kati ya baiskeli na lori, akawatawanya nyani kwa honi, akambana bosi taratibu upande wa mlima mpaka lori likapita. Nyani walirudi ukutani wakitukana kwa lugha yao.

Kileleni bosi alimkumbatia mbele ya watu.

"Ulijua! Ndiyo maana ulinisogelea tangu chini! Wallahi, bila wewe siendi Ufaransa."

Njia ya mkato ikawa imemrudisha pale alipoanzia. Protus alimwaga chai aliyopewa bila kuinywa, akasema.

"Bosi, Agosti sitaweza. Mwanangu anatahiriwa."

"Khitani?" Bosi alicheka kwa upole. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Kumi na minne! Maskini. Turki wangu alifanyiwa ana wiki moja, mimi nikiwa ofisini. Mpeleke hospitali, ni dakika kumi. Nitamtumia zawadi."

"Si hospitali, bosi. Ni kama harusi. Ukoo wote unakuja. Baba anasimama uani."

"Na asiposimama?"

"Atasimama mtu mwingine. Mtoto atamwona huyo."

Bosi aliitazama barabara waliyoipanda. Hoteli zilikuwa zimelipiwa, marafiki walikuwa wamealikwa. "Dereva wa kunifuata nimpate wapi?" akauliza, kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa ahadi. Walirudi Jeddah kila mmoja kwa barabara yake, na njia ya pembeni haikuwahi kuwa ndefu kama jioni ile.

Siku zilizofuata bosi alimsalimu, basi. Kisha madam akamwita kwenye mlango wa jikoni, akamwambia huku akipanga glasi.

"Baba Turki atakupa khuruj, ruhusa ya kutoka nchini. Si ya likizo. Ni ya kwenda moja kwa moja, dereva mwingine achukue nafasi. Ama ufuatane naye Ufaransa, na kazi yako ibaki. Akirudi msikitini mpe jibu."

"Amekasirika, madam?"

"Hajakasirika. Anataka dereva wa Agosti."

Eddah alikuwa amesikia yote. "Mwambie jua la Al-Hada lilikuchanganya," akanong'ona. "Omba msamaha. Kazi kama hii utaipata wapi tena, Baba Laban?"

Protus aligeuka akatoka nje. Alitembea uani kutoka lango hadi ukuta, kutoka ukuta hadi lango, mpaka bosi alipoingia na kanzu yake nyeupe.

"Nipe khuruj, bosi."

"Halas, yamekwisha," Mansur akasema, na akampa mkono. Mkono ulikaa kidogo kabla ya kuachia.

Protus akampigia Beldina palepale langoni.

"Mwambie Laban aanze kualika. Aanze na wajomba."

"Umepewa likizo?"

"Nimepewa ruhusa."

"Ya muda gani?"

Kwa mara ya kwanza miezi hiyo yote alisimama mahali pamoja. "Ya kutorudi, Mama Laban."

"Basi uje mapema," Beldina akasema. "Choo kimejaa na wageni ni wengi. Kuna shimo la kuchimba."