Siku Tulipasha Laki Moto

Enzi zetu kule Karuba, nywele ilikuwa inapendeza na mavuta ya ngombe, hakuna kingine. Baridi ya milima inaigandisha, inakuwa nguvu kama sabuni. Mama anaiweka kando ya moto, inayeyuka pole pole, na sisi batoto tunaikaa mustari, kila mumoja kichwa mu magoti ya mwenzake, tunasinzia mu moshi. Harufu ile, weee! Nikifunga macho naisikia.

Basi, siku bakwe banakuya mara ya kwanza kuangalia dada yangu Furaha, shangazi akatoka kule Sake na kopo ya laki, ile dawa ya kupuliza ku nywele. Hatujaionaka bado. Furaha akafinya: ikatoa kamvuke kadogo, ikanyamaza. Akaigusa, baridi kabisa.

"Imeganda," akasema. "Mupashe moto."

Nani atabisha? Mavuta yote tulikuwa tunapasha! Mimi njo niliiweka karibu ya makala ya moto, na mikono yangu hii.

Mama akaita kule inje: "Bakwe bamefika! Mukuye musalimie!" Kama si ile salamu, singekuwa hapa nabaelezea. Tulipopiga magoti tu: PUU! Jiko ikatema majivu, sufuria ya maharagi ikaruka mpaka inje. Papa mukwe akajitupa mu migomba. Furaha njo alikuwa wa mwisho ku mulango: majivu kichwa muzima, maharagi ku shingo.

"Mama, ndoa yangu imekufa!" akalia.

Mama mukwe akamusogelea, akaangalia macho yake kama iko mazima, akapapasa kichwa. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu amezeeka mbele ya kuolewa! Muniletee mavuta."

Akaikaa pale pale mu majani, akamupakala mwenyewe, taratibu, huku bwana yake anajipangusa matope. Papa yetu akapumua. Ndoa ilikuwa imepona.

Sasa bajukuu bangu banapuliza laki mu chumba imefungwa, mbabula ya makala inawaka pembeni, banakohoa kama bambuzi.

"Mufungue dirisha! Mutoe moto inje, itabalipukia!"

"Koko, hii njo mode ya sasa!"

Mode ya kukohoa! Kila mumoja peke yake mbele ya telefone, dakika mbili, amemaliza. Jana nikamuita ule mudogo akuye nimushike kichwa. Akaruka: "Koko, usiguse, itaharibika!"

Enzi zetu, kichwa chenye hakijaguswa na mutu, tulisema hakijatengenezwa.