Pumzi ya Mwimbaji wa Kijerumani

Siku yangu ya kwanza kiwandani, Mkuu wa Ukaguzi alinipa hedfoni akaniambia, "Hapa husikilizi muziki. Unasikiliza makosa." Nilikuwa kijana wa Tanga, nimemaliza masomo ya ufundi wa sauti Guangzhou kwa ufadhili, na sikutaka kurudi nyumbani mapema. Biashara ilikuwa imewaka mji mzima. Wenzangu wa Dar na Unguja walishinda soko la Shahe wakifungasha nguo. Mimi nilishinda kwenye kibanda cha vioo, nikisikiliza CD.

Niwaeleze, maana wengi wenu hamjazishika. Muziki ulichongwa kwanza kwenye bamba la nikeli, tuliloliita stempa. Stempa ikikandamiza plastiki ya moto, sahani imezaliwa. Kosa likiwa kwenye stempa, litakuwa kwenye kila sahani. Ndiyo maana tulisikiliza zile za mwanzo kabla ya kuiachia mashine.

Nilipopandishwa kuwa msaidizi wa Mkuu, ikaja albamu ya bendi kongwe ya Kijerumani ya roki nzito. Wallahi, sikulala! Kanda zao kaka yangu alizipiga nyumbani hadi utepe ukakatika. Kisha mwimbaji wao akaugua koo, bendi ikanyamaza miaka mingi. Sasa wamerudi, na mimi ndiye ninayewasikia kabla ya dunia!

Wimbo wa mwisho ulianza kwa kimya, halafu mkwaruzo, kama mtu anayevuta hewa kwa shida. Mkuu akavua hedfoni. "Bu xing," akasema. Haiwezekani. "Simamisha mashine."

Laoban, mwenye kiwanda, akaja mbio. Kontena lilikuwa linasubiriwa bandarini Nansha. "Chapeni! Wajerumani wenyewe ndio walioleta hivyo."

"Na wakizirudisha zote?" Mkuu akamuuliza.

Laoban akanigeukia. "Wewe unajua Kiingereza. Wapigie."

Aliyepokea alikuwa meneja wa bendi, naye akampa simu mtu mwingine. Sauti ile ya kwenye kanda za kaka yangu niliitambua kabla hajajitaja. Kiingereza chote kikanitoka. "Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimekusalimu kama tunavyowasalimu wakubwa wetu kwetu."

Akacheka. Nikamweleza tatizo, naye akasema, "Hiyo ni pumzi yangu. Daktari aliniambia sitaimba tena. Siku ile nilisimama studio bila kujua kama sauti itatoka. Tuliiacha makusudi. Tafadhali, msiiguse."

Nikatafsiri. Mkuu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alichomoa hedfoni, akaunganisha spika, akafungua mlango wa kibanda. Pumzi ile ikapita, kisha gitaa likalipuka kiwanda kizima! Wapakiaji wakaacha maboksi. Laoban akatikisa kichwa kwa mdundo kama mwanafunzi aliyetoroka shule. Nilipiga kelele hadi nikapwelewa na sauti.

"Chapa," Mkuu akaniambia.

Baadaye nilihamia viwanda vingine, chini ya mameneja wapole na wakali, mpaka CD zikakosa soko. Sasa nimestaafu, niko Tanga, na sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Vijana huniuliza kama sijuti kumaliza nguvu zangu kwenye kitu ambacho hakitumiki tena.

Tulipoiachia mashine siku ile, sahani zilitoka zikimeremeta, moja baada ya nyingine. Niliishika moja kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado ya moto, kama mkate, nami nikawa nawaza ni nani huko mbali atakayeifungua. Nijute nini?