Mto wa Maharagwe

Mto wetu ulikuwa na urefu wa mkeka mmoja. Ulianzia karibu na mlango, ukapinda kwenye mguu wa kiti cha baba, ukaishia ukutani, ambako tulikuwa tumeweka sahani ya bati iwe Ziwa Tanganyika. Mto wenyewe ulikuwa kamba ya wavu mkuukuu. Maharagwe mekundu yalikuwa askari, au basoda kama tunavyowaita nyumbani, meupe yalikuwa mawe na maji makali, na karanga moja ilikuwa mtumbwi. Niliupanga mimi, na kila jioni niliupanga upya, kwa sababu kila mchana nilikuwa nimekumbuka hatari nyingine.

"Leo basoda bameongezeka," baba alisema akiinama kuangalia.

"Nasikia iko bengine chini ya daraja," nikasema.

"Na mi nasikia njaa," mama akaitikia kutoka jikoni. "Mutanirudishia maharagwe yangu lini?"

Baba akacheka. Ili kukisikia kicheko kile ningeweza kumwaga gunia zima la maharagwe.

Nilikuwa nimerudi Baraka na cheti changu cha graduat, shahada ya kwanza ya chuo, nikakuta hakuna mtu wa kukionyesha. Vita vya pili vya nchini kwetu vilikuwa bado havijaisha. Mjini walikuwa askari hawa, mlimani walikuwa wale, na katikati watu walianza kurudi kidogokidogo, wengine kutoka Kigoma ng'ambo ya ziwa, wengine kutoka maporini, wakiezeka nyumba zao kwa chochote walichopata. Baba alikuwa amerudi kutoka mlimani, alikokimbilia, kabla yangu. Yeye ni mvuvi tangu ujana, lakini tangu arudi hakuwahi kuvuka ua wa nyumba yetu. Alikaa mlangoni akishona nyavu za watu wengine, mgongo wake ukielekea barabara.

Mama ndiye aliyenieleza, tukichambua sombe, yale majani ya muhogo. Siku ile ya kukimbia, baba na rafiki yake walizamisha mitumbwi yao miwili mtoni. Waliijaza mawe mpaka ikakaa chini, kwenye kona yenye mti wa mkuyu, ili askari wasiichukue. Wakati ule kila mwenye mtumbwi alifanya hivyo. Mama na mke wa rafiki yake walikuwa wameshavuka ziwa na watoto, kwa hiyo wanaume wawili wakapanda mlimani peke yao. Huko homa ikamshika rafiki, na baba akamzika. Mjane aliporudi kutoka Kigoma alipewa habari na watu, akalia matanga yake, akaanza kulima. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa kanisa. Baba hakuwahi kufika.

"Kila siku anasema kesho," mama alisema. "Anaogopa ataulizwa."

"Ataulizwa nini?"

"Yote. Alikufa namna gani, alisema nini. Ni yeye tu anayejua."

Nikawaza samaki. Kila mwaka mvua zinapoanza, Mutambala, mto wetu wa kweli, hujaa na kuwa mwekundu, na samaki wakubwa wenye magamba hutoka ziwani wakapanda mto kwenda kutaga. Zamani baba na rafiki yake walikuwa wakisukuma mtumbwi kwa upondo mpaka juu, halafu wanauacha ushuke wenyewe na maji, ndoano ikitangulia. Niliwaza kwamba mtu asiyeweza kutembea mpaka nyumba ya jirani labda anaweza kutembea mpaka mtoni, na kutoka mtoni nyumba ile si mbali. Lakini maji yakianza kung'aa, wekundu ukiisha, samaki wanarudi ziwani. Nilipaswa kufanya haraka, na mimi nikitakiwa kufanya haraka hukaa chini nikafikiri; ndivyo mto wa mkekani ulivyoanza.

Nilifikiri kuhusu mtumbwi kupinduka, kwa sababu naogelea vibaya. Nilifikiri kama kadi yangu ya mwanafunzi ingetusaidia darajani au ingefanya askari waseme sisi ni wapelelezi. Nilihofia mvua ikinyesha, kisha nikahofia isiponyesha. Kwa ajili ya mamba nilitafuta haragwe lenye madoadoa. Baba aliniambia hakuna aliyemwona mamba pale tangu yeye akiwa mtoto. Nililiacha haragwe mahali pake hata hivyo, mamba asije akaona amedharauliwa.

"Weye unasoma sana, mama," baba alisema. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Angalia. Hapa maji inakupeleka kushoto. Usibishane nayo. Unatia kumbikumbi mu ndoano, unaacha kamba iende mbele yako kama mbuzi ile inajua njia ya nyumbani. Kafi unalaza chini. Samaki ile haipendi kelele. Unakaa kimya kama muntu iko kanisani."

"Na we ulikuwa unakaa kimya kanisani?" mama akauliza.

"Nilikuwa nalala. Ni kimya vilevile."

Alilijua kila jiwe, kutoka mkuyu hadi ziwani. Alinionyesha mahali rafiki yake alipopoteza kofia, na mahali walipomwona samaki akiruka mpaka ndani ya mtumbwi. Ila karanga haikutoka mwanzoni mwa kamba, pale tulipopaita mkuyu. Kila nilipoisukuma kwa kidole ili tuanze safari, alinishika mkono. "Acha kwanza," alisema, akanionyesha tena kona nyingine ya mbele.

Jioni moja nilitoka kuchota maji, na niliporudi mto ulikuwa mtupu.

"Mama, maharagwe iko wapi?"

"Iko mu chungu. Leo tunakula basoda. Vita imeisha."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nilikaa mkekani. Ilibaki kamba, sahani, na karanga peke yake mwanzoni mwa mto, na bila maharagwe ya kuhangaikia nikaona jambo ambalo sikuwa nimelipanga kabisa.

"Baba, mutumbwi yenyewe tutaitoa namna gani mu maji?"

Aliigeuza karanga kwa kidole. "Enda uangalie kwanza," alisema.

Asubuhi nilikwenda. Mkuyu ulikuwepo, mto haukuwepo. Katika miaka ile ya mafuriko na watu kutokuwepo, Mutambala ulikuwa umejichimbia njia nyingine, hatua kadhaa kuelekea ng'ambo, na ile kona ya baba ikabaki nchi kavu. Chini ya mkuyu palikuwa na matuta ya viazi vitamu, majani yamefunika kila mahali. Katikati yake alisimama mjane wa rafiki wa baba na jembe lake. Mimi humwita mama mudogo.

"Baba yako amekutuma?" aliuliza kabla sijamaliza kusalimu.

"Hapana. Ndiyo. Sijue."

"Masomo yote ile, na jibu ni sijue."

"Natafuta mitumbwi, mama mudogo."

Aligonga ardhi kwa mpini wa jembe. "Umeikanyaga. Niliporudi nilikuta pua ya moja imetoka mu muchanga. Batu bangeipasua kuni. Nikaifunika, nikapanda viazi juu, hakuna mutu anachimba shamba ya mjane." Akang'oa jani moja kavu, akalitupa. "Mwambie baba yako viazi vimekomaa. Mi siwezi kuchimba peke yangu. Aje. Mwambie namungoja tangu napanda."

Nilirudi kwa njia ndefu ili nipange namna ya kumwambia. Nilitunga maneno mazuri, nikayabadili, nikayapunguza. Nilipofika mlangoni yote yalikuwa yamenitoka.

"Viazi vimekomaa," nilisema. "Anasema uje."

Baba aliweka sindano ya nyavu chini. Mama tayari alikuwa ndani akimtafutia shati la misa.

"Ataenda kuchimba viazi na shati ile?" niliuliza.

"Nyamaza," mama alisema, na sauti yake haikuwa ya kunigombeza.

Baba alivuka ua. Nilitembea nyuma yake, na mama nyuma yangu na kikapu, kama watu wanaosindikiza mgonjwa na hawataki ajue. Kwenye shamba baba alivua kofia.

"Shemeji," mjane alisema.

Baba alifungua kinywa. Akaikunja kofia mikononi. Nilitaka kusema chochote kwa niaba yake, lakini mama alinibana kiwiko. Mjane akamwekea baba jembe mkononi.

"Chimba kwanza," alisema.

Tulichimba. Viazi vilikwenda kikapuni, vikubwa, vyekundu. Chini yake ulikuja mchanga mkavu, kisha mchanga wenye maji, kisha mawe. Baba aliacha jembe akaanza kuyatoa kwa mikono. Alipofikia jiwe moja refu akasita.

"Hii aliibeba yeye," alisema. "Mi nilimwambia ni kubwa sana."

"Hakuwa anasikia mutu," mjane alijibu, na wote wawili wakalitazama jiwe.

Mtumbwi wa baba ulikuwa umepasuka kutoka pua hadi nyuma. Wa rafiki yake ulikuwa mzima, mweusi, ukinuka matope. Ulikuwa mdogo, wa watu wawili. Nilikuwa nimejiona ndani yake jioni zote zile, mbele ya baba, nikishika kamba.

"Mi njo naingia, si weye," mjane alisema.

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa akipanga viazi kana kwamba hakusikia. "Ingia, dada," alisema. "Mi siko na wivu ya mutumbwi."

Kesho yake maji yalikuwa bado mekundu, ila pembeni yameanza kung'aa. Baba na mjane waliposhuka na mtumbwi, mimi nilifuata kwa miguu ukingoni, nimebeba mfuko wenye kamba, nguo kavu, chumvi na kadi yangu ya mwanafunzi. Darajani palikuwa na askari mmoja tu. Alikuwa amevua shati, analifua.

"Unakimbiza nini?"

"Baba yangu."

"Anakukimbia?"

"Hapana. Anavua."

"Basi enda. Utamukosa."

Baada ya daraja niliwatangulia kwa njia ya mkato, nikaingia kwenye matete kungoja. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Ilikuwa sauti ya baba, ndogo, haisimami, kama ya mtu anayesoma kitu anachokijua kwa moyo. Kisha mtumbwi ukatokea, umekaa upande kidogo, ukienda kwa mwendo wa maji. Kafi lilikuwa limelazwa. Mjane alikaa mbele, kamba mkononi, macho yake yakielekea ziwani, na baba alikuwa akisema na mgongo wake.

"...halafu akaniuliza kama maji imepanda. Nikamwambia ndiyo, imepanda..."

Nilirudi nyuma ndani ya matete. Mimi ninayetaka kujua kila kitu kabla hakijatokea, niliziba masikio kwa mikono miwili. Lakini nilichelewa kidogo. Niliona kamba ikikaza, ikakata maji, mkono wa mjane ukavutwa mbele, na nikamsikia baba akikatiza maneno yake.

"Shemeji, iko samaki! Vuta!"

Hakuvuta. Alizungusha kamba kwenye kiganja mara moja, akaishika pale pale.

"Itangoja," alisema. "Maliza kwanza."