Pengo Kati ya Ngina na Emmah

Ngina wa Kabiria ni mbishi, na asiyeamini amuulize muuza mboga wake. Miaka hamsini amebishana na dunia nzima kwamba Kalekye alikuwepo.

Walilelewa katika makao ya wasichana kule Uthiru, mahali ambapo siku hizi pana ghorofa za kupangisha. Kalekye, asema Ngina, alilala kitanda cha jirani, akakohoa baridi yote ya Julai, na asubuhi moja hakuamka. Lakini daftari la makao halina jina hilo.

Mwaka jana Dedan, mpiga chapa wa River Road ambaye mamake alikulia humohumo, aliwakusanya akina mama waliolelewa huko waandike kitabu cha makao yale kwa maneno yao wenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: jambo likikumbukwa na mtu mmoja tu, halichapwi. Na wenzake Ngina wa bweni lile, wote kumi, walisema hawamkumbuki. Emmah ndiye aliyekuwa mkali zaidi.

"Wewe Ngina uliota. Wachana na hiyo maneno!"

Jumamosi ya mwisho walikutana ukumbini mwa kanisa. Dedan alitaka ramani ya bweni. Akachora kuta na mlango kwa chaki sakafuni, akasema, "Mama zangu, kila mtu asimame mahali kitanda chake kilikuwa."

Jamani! Mabibi wenye magoti mabovu waliingia kwa ule mlango wa chaki mmoja mmoja, na hakuna aliyekanyaga ukuta wala kuuliza njia. Wakajipanga safu mbili, utadhani walitoka humo jana.

Dedan akakuna kichwa. Kati ya Ngina na Emmah palibaki nafasi ya kitanda kizima.

"Mama Emmah, sogea kidogo tuijaze."

Emmah akainua mguu, akaurudisha. Akajaribu tena, mguu ukakataa katakata.

"Siwezi," akasema. "Hapo ni pake."

Ngina akamgeukia.

"Nilimpa blanketi yangu juu ya kile kikohozi," Emmah akaendelea huku akilia. "Wakubwa wa makao wakambeba nayo. Tukaambiwa atakayemtaja atalala nje. Ngina, nisamehe. Nimeogopa mpaka leo."

Dedan akachutama kwenye ile nafasi, akauliza aandike jina gani.

"Kalekye Mutie," wakajibu wote kumi kwa pamoja, na hilo jina la pili Ngina hakuwahi kulijua.